Malkia wa Kilabu cha Grissell

"Huyu si Malkia," alisema Bwana Cobbe, akikiinamisha kichwa chake upande kama mtu anayemkagua ng'ombe sokoni. "Huyu ni binti yako."

Thomasin Thirkettle alikuwa bado mlangoni, aproni imejaa rangi, pumzi zimempaa kwa kupanda mlima mbio. Grissell, mwenye kilabu, alikuwa ametuma mtu kumwita: njoo upesi, mkaguzi wa chama cha wachoraji yuko hapa na ameshaiteremsha picha ukutani. Kweli ilikuwa imeteremshwa. Ubao ulikuwa umeegemezwa kwenye pipa, karibu na dirisha, na mwanga wa asubuhi ulimpiga Malkia usoni bila huruma. Nywele nyekundu, taji, vazi jekundu, mkono mmoja juu ya kifua. Na kinywa kilichobanwa, kama cha mtu anayezuia kicheko kanisani.

"Ni Malkia," alisema Thomasin. "Ana taji."

"Taji hata mbuzi ukimvika atalivaa, shemeji."

Cobbe alikuwa na haki ya kumwita shemeji. Yeye na Piers, marehemu mume wa Thomasin, walijifunza uchoraji kwa fundi mmoja, wakalala kitanda kimoja na kuchapwa kwa fimbo moja. Piers alipofariki, chama kilimruhusu mjane aendelee na kazi kwa alama ya ufundi ya mumewe, na aliyesimama kumtetea mbele ya wazee alikuwa huyu huyu Jermyn Cobbe. Zaidi ya hayo, alikuwa baba wa ubatizo wa Annis. Ndiyo maana alipokuwa akiitazama picha hakuweza kuitazama muda mrefu.

"Ametukosea nini?" aliuliza Grissell kutoka nyuma ya mapipa. Alikuwa mwanamke mpana, mwepesi wa ulimi, na wateja walimwogopa kuliko walivyomwogopa meya. "Miaka yote hii yuko hapo ukutani, hajamtukana mtu wala hajaondoka bila kulipa."

"Amri imetoka juu," alisema Cobbe. "Wakubwa wamechoka. Kila mji una Malkia wake. Yule wa Yarmouth ana pua ya mke wa mchinjaji. Wa Thetford wamempa ndevu, fundi wake anaapa ni kivuli. Sasa basi. Sura ni moja, imeletwa kwenye karatasi kutoka London, na isiyofanana nayo inachomwa. Jumamosi, pale sokoni, mchana kweupe. Na mfanyabiashara mmoja wa sufu alikunywa hapa wiki iliyopita, akacheka, akaenda kusema kwa watu kwamba Norwich wanamnyanyulia kikombe msichana wa mwoka mikate."

"Mimi si mwoka mikate," alisema Thomasin.

"Najua wewe ni nani. Na huyu pia namjua. Nilimshika kwa mikono hii juu ya maji ya ubatizo, akanikojolea."

Thomasin alisogea, akapiga goti mbele ya ubao, akaifuta picha vumbi kwenye ukingo kwa ncha ya aproni. Hapakuwa na vumbi lolote.

"Nipe nibaki nayo, Jermyn. Nitakuchorea nyingine."

"Laiti ningeweza." Cobbe alivua kofia yake, akaizungusha mikononi. "Nimeshaieleza mbele ya wazee, ubao wenye fundo la mti pembeni. Watauangalia. Huu huu ndio wanaoutaka, ama umerekebishwa, ama uko motoni. Nimekuombea uurekebishe mwenyewe. Wengine hawakupewa hata hiyo nafasi."

Akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya koti, akaiweka juu ya pipa. Ilikuwa imetobolewa kwa sindano, vitobo vidogo vidogo vinavyofuata nyusi, pua, midomo, ukingo wa shavu. Ukiinyanyua kwenye dirisha, mwanga ulipenya na sura ya mwanamke ikaonekana hewani. Uso laini kama yai lililomenywa.

"Ndivyo alivyo?" aliuliza Grissell. "Maana watu wanasema baada ya ndui ana alama hapa na…"

"Hakuna watu wanaosema," Cobbe alimkata. "Umesikia, Grissell? Hakuna."

"Na wewe umewahi kumwona?" Thomasin alimuuliza.

"Mimi? London kwenyewe sijafika." Aliivaa kofia yake. "Lakini wajukuu zetu watamjua kwa uso huu. Hawatakuwa na mwingine. Jumamosi, shemeji."

*

Aliye juu mngoje chini, husema watu. Watu wa Norwich hawakuwa na subira hiyo. Malkia alipotawazwa walitaka awe ukutani kabla hata habari haijapoa, na mafundi wote wa mji wakawa na kazi kuliko mikono. Tatizo lilikuwa dogo tu: hapakuwa na fundi aliyemwona. Walichojua ni kwamba ni kijana, ni mwembamba, nywele zake ni nyekundu, na anajivunia vidole vyake. Kila mmoja alikwenda nyumbani kwake kutafuta Malkia kati ya alivyokuwa navyo.

Thomasin alikuwa na Annis. Msichana alikuwa na nywele nyekundu za babake, na alikuwa mwembamba kwa sababu hakuweza kutulia mezani mpaka chakula kiishe. Alimketisha juu ya sanduku, akamzungushia pazia jekundu, akamvika taji la karatasi ngumu lililobaki kutoka michezo ya kanisa ya zamani, enzi zile lilipokuwa likivaliwa na mfalme Herode.

"Tulia."

"Malkia hatulizwi," alisema Annis. "Malkia anaamuru. Nileteeni samaki wa moshi, na huyu mwanamke mwenye brashi akanyongwe."

"Ukinyonga fundi utabaki bila pua. Sijafika kwenye pua."

"Basi anyongwe baada ya pua."

Akabana midomo asicheke, na mama yake, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi siku hiyo kuliko siku zote, akauwahi mdomo ule kabla haujafunguka. Piers alikuwa angali hai. Alikuja nyuma yake, akatazama, akasema tu, "Hapo uache. Usiguse tena."

Ubao wenyewe ulikuwa umeona mengi. Piers aliununua kwa bei ya kuni, enzi za mfalme mtoto, walipokuwa wakivunja michoro ya makanisa kwa jina la dini mpya. Wakati huo ulikuwa na mtakatifu aliyekwanguliwa macho. Piers akampaka chokaa, akamchora mfalme mtoto. Mfalme akafa. Akapakwa chokaa, juu yake akakaa Malkia Mary, dada mkubwa wa huyu wa sasa, na komamanga mkononi, na siku alipotangazwa mji mzima ulipiga kengele na kulewa. Alipokufa miaka michache baadaye watu waliwasha mioto ya furaha, na wale wale waliolewa mwanzo wakalewa tena. Akapakwa chokaa naye. Piers alikuwa akisema ubao hauna dini, una njaa tu, kila mara unataka mwingine.

Juu ya ubao huo Thomasin hata mikono aliichora kweli. Kidole cha mwisho cha Annis kilikuwa kimepinda tangu alipokibana kwenye mlango wa ghala akiwa mdogo, na Thomasin alikichora vivyo hivyo, kimepinda, bila kufikiri. Jicho la mama halikukiona tena kama kilema.

*

Ndui iliingia mjini mwaka jana, majani yalipokuwa yakianguka. Annis alianza na homa, kisha mgongo, kisha vikatoka vile vitu. Waganga walisema nguo nyekundu huvuta sumu nje ya mwili, kwa hiyo Thomasin alilitoa sandukuni lile pazia jekundu, akamfunga mwanawe ndani yake kutoka shingoni hadi miguuni. Alimfunga na mikono pia, kwa vitambaa, asijikune. Usiku na mchana alikuwa akisema neno moja tu: usijikune, mwanangu, tulia, usijikune.

Siku zile zile habari ilifika kwamba Malkia naye ameugua ndui. Walisema amefungwa nguo nyekundu mbele ya moto, na kwamba mawaziri wanalia kwenye kumbi. Wote wawili walikuwa katika vazi moja. Mmoja akaamka.

Siku ya kumzika Annis, Thomasin alikwenda kwa mpiga kengele wa kanisa, kuomba kengele ya msiba ipigwe kama anavyopigiwa kila mtu, tajiri na maskini, mara mtu anapopelekwa kaburini. Mpiga kengele alikuwa tayari amekunja mikono ya shati, uso umemwiva.

"Leo haiwezekani, mama. Malkia amepona. Meya ameamuru kengele zote za furaha, mji mzima."

"Moja tu. Ndogo."

"Itasikika wapi, mama? Katikati ya hizi?"

Kwa hiyo Annis alishushwa ardhini huku kengele za makanisa yote ya Norwich zikicheza. Watu walikuwa wakikumbatiana barabarani. Mwanamke mmoja asiyemjua alimkamata Thomasin mikono yote miwili na kumwambia, "Mungu ni mwema, amemrudisha binti yetu." Thomasin akaitikia amina.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu huo hutafuta pa kutua. Alijaribu kumchukia Malkia. Alijaribu kweli, majira yote ya baridi, ikashindikana, kwa sababu kila alipomfikiria ili amchukie, uliomjia ulikuwa uso wa Annis. Hakuwa na Malkia mwingine kichwani.

Ndipo alipoanza kwenda kilabuni kwa Grissell. Hakwenda kunywa. Alikaa kwenye benchi la mlangoni na kikombe kimoja mpaka kipoe, akatazama juu. Annis aliyemwacha kitandani hakuwa na uso wa kukumbukwa. Ugonjwa ulikuwa umeula wote. Uso wenyewe ulibaki hapa tu, juu ya pipa la pombe, kati ya nyama iliyoning'inizwa na ufunguo wa ghala. Wateja nao walikuwa wamezua desturi yao. Tangu Malkia apone, kila atokaye nje aligusa vidole vya picha kwa bahati, ili ndui isimpate. Aliyeanza alikuwa Hobb, mzee mwenye mkokoteni, akiwa amelewa. Siku hizi aliendelea hata akiwa hajalewa, na wengine wakamfuata.

*

Siku ile Cobbe alipoondoka, Thomasin alimgeukia Grissell.

"Sema umeibwa."

"Shoga."

"Usiku mlango ulikuwa wazi, ubao ukaibwa. Mimi nina kaka yangu kijijini Acle, ana ghala."

Grissell aliweka chini jagi alilokuwa akilisugua. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na mzaha mdomoni. "Mimi nauza pombe kwa ruhusa ya wakubwa hao hao. Wakinifungia nitakula nini? Na wewe wakikunyang'anya alama ya Piers utakula nini? Na Jermyn je? Ameshajifunga mbele yao kwa ajili yako. Ningekuwa na njia, Thomasin, ningekufichia hata huyo mtoto ndani ya pipa."

Akamsaidia kuubeba hadi nyumbani, kila mmoja upande wake, uso umefunikwa gunia. Njiani watu waliinua kofia. Walidhani ni maiti ya mtoto.

Kesho yake alijaribu kuinakili. Alichukua kipande kidogo cha ubao, akauweka uso wa Annis mbele yake, akachora. Alikuwa fundi, nyusi zilikuwa nyusi, pua ilikuwa pua. Lakini alikuwa akinakili rangi, si mtoto, na kile kicheko kilichokuwa karibu kutoka hakikukubali kuja. Msichana aliyetokea alikuwa msichana wa yeyote yule. Alimkwangua, akajaribu tena, akapata mwingine mzuri zaidi na mgeni zaidi. Akamwita kwa jina, aone. Jina halikukaa. Jioni alikitia kile kipande jikoni, kikapika uji.

Aliwaza pia kuacha wachome. Angalau hapo angekuwa hajamfanyia kitu kwa mkono wake mwenyewe. Lakini alimwona Annis katika rundo, juu ya yule mwenye ndevu wa Thetford, na watu wa soko wakinyoosha viganja wapate joto, na akaona hapana. Amezikwa mara moja kwa kengele za mwingine. Inatosha.

Ijumaa mchana, jua dogo la Novemba likiwa dirishani, alianza. Kazi ya kurekebisha haianzi kwa kufuta. Kwanza unatia alama za uso mpya juu ya ule wa zamani, uone kipi kibaki na kipi kiende. Alisaga makaa mpaka yakawa unga, akayafunga kwenye kitambaa. Akaitandaza karatasi ya Cobbe juu ya uso wa binti yake, akaibana pembeni, akaanza kuigonga kwa kile kifuko, taratibu, paji, shavu, shavu, kidevu, kama mtu anayempaka mtoto poda. Ni kazi aliyoifanya maisha yake yote bila kufikiri, huku akiwaza samaki au bei ya mafuta.

Akaiondoa karatasi.

Uso wa Annis ulikuwa umejaa vitone vyeusi. Vilikuwa kwenye paji, vimeshuka pande zote za pua, vimezunguka midomo ile iliyobanwa, vimefuata macho. Vilikuwa pale pale vilipokuwa vile vya ndui.

Kifuko kilimponyoka. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, akakaa chini, akalia kwa sauti, kama ambavyo hakulia siku ya kengele kwa kuwa siku ile hakuna ambaye angemsikia. Jirani alibisha mlango, akauliza kuna nini. "Makaa," alijibu Thomasin. "Yameniingia machoni."

Alipoinuka hakuwa na la kuamua tena. Hakuna mama anayeweza kumwacha mtoto hivyo. Alikoroga rangi nyeupe ya madini ya risasi na mafuta ya kitani, laini kuliko alivyowahi kuikoroga kwa kazi yoyote, akachagua brashi ya manyoya ya kindi aliyokuwa akiitumia Piers. Akaanza na paji la uso.

"Tulia," alimwambia. "Tulia, mwanangu. Usijikune. Yanakwisha sasa."

Kitone kimoja kimoja kilizama chini ya weupe. Paji likawa safi. Mashavu yakawa safi. Alifanya kazi akizungumza naye, mambo madogo tu, kwamba Grissell anamsalimu, kwamba paka wa jirani amezaa kwenye sanduku lile lile la kukalia. Alipofika mdomoni alichovya brashi upya. Kisha akaufunika nao, na juu ya weupe huo, akiifuata karatasi, akachora mdomo wa mwanamke ambaye hajawahi kumwona, mdomo usiofikiria kucheka.

*

Jumamosi walimchoma Malkia pale sokoni, Malkia wengi kwa pamoja, na moshi wa mafuta ya kitani ukafika hadi mtoni. Watu wengine hawakujua washangilie au wavue kofia, wakafanya yote mawili.

Cobbe alikuja kilabuni akinuka moto. Ubao ulikuwa umerudi mahali pake juu ya pipa. Aliitoa karatasi nyingine, akailinganisha: nyusi, pua, midomo, ukingo wa shavu. Alikuwa mkaguzi mzuri na hakuharakisha.

"Ndiye," alisema mwisho. "Ndiye kabisa."

Halafu macho yake yakashuka. Yakafika kwenye mkono uliokuwa juu ya kifua, rangi yake imeliwa kidogo na vidole vya walevi wa mwaka mzima, na kwenye kidole cha mwisho kilichopinda.

"Na mikono je?" aliuliza polepole.

"Karatasi yako haina mikono," alisema Thomasin.

Cobbe aligeukia dirisha. Nje walikuwa wakiongeza kuni. Akaikunja karatasi yake, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kabisa, akaitia kotini.

"Ni kweli," alisema. "Haina."

Akanywa alichopewa, akaweka kikombe chini, akamgusa Thomasin begani, akatoka. Benchi zilianza kujaa watu waliotoka motoni, mashavu mekundu, wakiulizana huyu wa ukutani naye ni nani, na wengine wakijibu ni yule yule, amenawa tu. Thomasin alikuwa kwenye benchi lake la mlangoni. Hakuinua macho hadi usoni. Hapakuwa na kitu chake huko.

Hobb alimaliza pombe yake, akajifunga shuka ya mkokoteni mabegani, akasogea kwenye picha kama kawaida. Alitazama juu, akasita, mkono ukabaki hewani.

"Mbichi?" aliuliza.

"Uso ndio mbichi," alisema Grissell, bila kugeuka kwenye mapipa yake. "Mkono umekauka zamani. Shika mkono."

Mzee alijifuta vidole kwenye suruali. Kisha akakishika kile kidole kilichopinda, kwa wepesi, kama mtu anayemvusha mtoto barabara, akatoka nje kwenye baridi.